Mabenchi ya Kuazima

"Hutaweza," mjomba aliniambia niliporudi Sekenke na stashahada yangu ya hoteli. "Kiingereza chenyewe umekitoa jikoni."

Ni kweli nilikitoa jikoni. Nairobi niliosha vyombo, nikajilipia chuo mwenyewe, nikamaliza. Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyefanya hivyo, na nimelitaja jambo hili katika kila msiba.

Nilitaka kuwafundisha Kiingereza bure vijana wa Kirundi waliohamia hapa kutafuta kazi machimboni. Vifaa niliazima. Kanisa lilinipa mabenchi, shangazi akaongeza lake, mwenye duka wa Kihindi mjini Singida akanipa mlango wa zamani nikaupaka rangi ukawa ubao. Mjomba akatoa turubai lake la kuanikia alizeti.

"Nalitaka kabla ya mavuno," alisema. "Hao vijana watakuwa wameshakukimbia."

Hawakukimbia. Kila asubuhi, kabla ya kwenda machimboni, walisimama miguu pamoja na kusema, "Good morning, sir." Mtu wa elimu yangu hawezi kuirudia salamu hiyo kana kwamba ni rika lao. Nilijibu, "Marahaba," ndipo wakakaa. Nidhamu ilikuwa ya hali ya juu.

Kati yao alikuwamo binti aliyeponda mawe kwa nyundo tangu afike, mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Ukajengwa mtambo wa kusaga mawe, na mhandisi wake, mgeni asiyejua Kiswahili, akatafuta mtunza stoo anayejua Kiingereza.

"Mwalimu," binti aliniambia, "nikiikosa hii narudi kwenye nyundo."

Nilimsindikiza kwenye usaili, nikasimama mlangoni na suti yangu ya mahafali.

"Good morning, sir," alisema vizuri kabisa, macho chini.

"Good morning," mhandisi akajibu.

Binti akaduwaa. Mtu mzima amemwamkia yeye! Mhandisi akamuuliza jina. Akamuuliza tena. Binti alisubiri kuitikiwa, kama nilivyomfundisha. Mhandisi akaanza kukusanya karatasi zake.

"Marahaba!" nikasema kwa nguvu kutoka mlangoni.

Binti akainua uso. Akataja jina, kazi anazozijua, na kila kifaa kilichokuwa kwenye rafu nyuma ya mhandisi, kuanzia spana hadi grisi. Akapata kazi. Mhandisi aliniuliza lile neno nililosema ni nini. Nikamwambia ni mbinu ya ufundishaji.

Baadaye binti akatuombea mbao zilizobaki kwenye ujenzi, tukatengeneza mabenchi yetu na ubao wetu, na mtambo ukatupa banda la kusomea. Kwa hiyo siku moja, kabla ya mavuno, nilikodi gari nikarudisha kila nilichoazima. Kwa mjomba tulifika mwisho. Binti aliteremka na turubai, akasimama miguu pamoja.

"Good morning, sir."

"Marahaba," mjomba akajibu, bila kufundishwa na mtu. Kisha akalikunjua turubai lake na kulikagua pembe hadi pembe.