Matanga ya Titi la Yvette

Sauti ya Régina wa Kasongo ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya radi, ikapotea njia ikaingia kooni mwake. Akiita mbuzi wake jioni, mbuzi wa Nyangwe kule mtoni nao walikuwa wanakamata njia ya kurudi nyumbani. Anayebisha aende akawaulize wavuvi. Alikuwa mjane, muuzaji wa mafuta ya mawese, na kicheko chake hakikukaa mbali. Lakini kuna jambo moja ambalo hakulichekea kamwe. Mama yake mzazi alikaa miaka miwili akificha kidonda cha titi chini ya kitenge, akijipaka manukato ili watu wasisikie harufu. Siku kidonda kilipofunuliwa, waliokiona walikuwa wanawake waliokuwa wakimwosha maiti.

Kwa hiyo wanawake wa Kasongo walipoanzisha shirika la kuwasaidia wenye kansere ya titi wafike kwenye operesheni, Régina aliingia wa kwanza. Kuandika hakujua, akaweka kidole. Wakampa kazi ya kutafuta feza. "Huyu akiomba," walisema, "hata kiziwi atatoa."

Mwaka huo mgonjwa wao alikuwa Yvette, mama wa watoto wanne, mlimaji wa mihogo, mwenye maneno machache na yote makali. Mume wake alikwenda Lubumbashi kutafuta kazi, akapata kazi ya kutorudi. Uvimbe wa Yvette ulianza kama punje ya karanga. Sasa ulikuwa kama yai la kuku. Daktari alimwambia wazi: afike Bukavu kabla ya mwezi kuisha. Akichelewa, kisu hakitakuwa na cha kuokoa.

Basi katika mji mkubwa akatoka kijana mmoja, Hervé, mwenye viatu vilivyong'aa, kuja kuwafundisha namna watu wa nchi nyingine wanavyochangisha. Kwanza aliwapa utepe wa rangi ya waridi, wauze, watu wavae kifuani. Waliuza nne. Watu wengine waliuliza ni chama gani, na mgombea wake atagawa chumvi siku gani. Halafu akasema wafanye matembezi, kutoka kanisani hadi uwanja wa ndege wa zamani, na watu watoe mchango kwa kila kilomita.

Mama mmoja aliyetoka vijiji vya Wamaza, aliyekuwa amepumzika pale na kikapu chake cha mpunga aliinua mkono. "Mimi nimetembea siku mbili, mutoto mugongoni, muzigo kichwani. Nani ananilipa?"

Wanawake walicheka mpaka wakaegemeana, kisha wakatembea hivyo hivyo kwa heshima ya viatu vya Hervé. Walipata kuku wawili, mmoja mgonjwa.

Yvette alikuwa na kaka, Dady, mchimba dhahabu kule kwenye migodi ya Salamabila. Walimtumia habari mara tatu. Mara tatu alijibu: "Nitaona."

Juma hilo akafa mzee mmoja wa mtaa wa pili. Alipokuwa mgonjwa, alikosa hata bei ya kidonge. Régina alikwenda matangani, na pale akamsikia Chimène, ambaye kazi yake ni kutangaza kila mtu ameleta nini: gunia la mchele, mbuzi, dumu la mafuta, mbuzi tena. Kwa maana matangani jina lako linaitwa kwa sauti, na nani anataka liitwe bila kitu nyuma yake? Régina alikuwa na sahani ya nyama mapajani. Aliiweka chini haijaguswa. Jambo hilo lilikuwa halijamtokea tangu aote meno.

Alisimama, akaenda moja kwa moja kwa Yvette, akamkuta anachambua majani ya mihogo ya kupika sombe.

"Yvette, mwanangu, tunataka kukufanyia matanga."

"Mama Régina, mimi sijakufa."

"Ndiyo sababu tunafanya haraka."

Yvette aliweka majani chini. "Mutalia jina yangu?"

"Hapana! Tutalia titi. Lenyewe ndilo linakwenda. Wewe unabakia."

Yvette aliangalia kifua chake. Akacheka, na katikati ya kicheko sauti ikageuka. "Basi mulilie muzuri," alisema. "Lilifanya kazi."

Hema la turubai lilisimamishwa uani kwake. Wanawake walifunga vichwa, wakaweka mikono utosini, na Régina akafungua koo. Majani ya migomba yalipasuka.

"Weee titi! Ulimulisha Esther-Divine, ulimulisha Blaise! Ulimulisha na mutoto wa jirani, jirani hakusema hata asante! Unatuachia nani, weee!"

Wengi walikuja kucheka. Walicheka kweli. Lakini kabla ya mchana mama mmoja aliacha kucheka, akamkumbuka dada yake aliyekufa na uvimbe kama ule. Mwingine akamkumbuka shangazi aliyelala na mlango umefungwa miezi sita. Kilio kikawa kilio. Wanawake wawili walimvuta Régina nyuma ya jiko, wakamwomba kwa sauti ya chini aangalie kitu kilicho kifuani mwao. Aliangalia, akawaambia waende kwa daktari siku ile ile, na hakutania. Huko mbele Chimène alikuwa anatangaza: mchele, kuku, feza, mbuzi. Watu waliokimbia utepe walisukumana wafike kwake.

Sasa, siku hiyo ya kwanza ya matanga, Faradji, dereva wa pikipiki, alipita njiani na moto yake, akielekea Salamabila. Aliona turubai kwa Yvette, akaona mikono utosini. Na kwetu hakuna anayesimamisha wafiwa kuwauliza nani amekufa. Unavua kofia, unapita. Faradji alivua kofia, akapita. Kesho yake Salamabila nzima ilijua kwamba Yvette ameaga dunia.

Siku ya tatu Dady alifika juu ya moto yake. Mbuzi amefungwa nyuma, kichwa kimetoka chini ya kwapa lake, mbao za sanduku la kuzikia pembeni, shuka nyeupe shingoni. Alijitupa chini akigaagaa.

"Dada yangu weee! Nilisema nitaona, sikuona, weee!"

Yvette alitoka jikoni na birika la chai. "Dady, amuka. Unachafua shati."

Dady alifungua macho. Aliruka, na wanaojua kupima wanasema alipita juu ya kichwa cha mbuzi bila kumgusa. Alipotua alikuwa na hasira.

"Munanizikia dada akiwa muzima? Munanifanya muchezo? Mbuzi yangu narudi nayo! Na mbao narudi nazo!"

Kwenye viti wanaume walianza kukohoa. Mmoja alisimama, akaangalia gunia lake la mchele. Régina aliona jambo lote mbele yake: gunia moja likitoka, yote yatatoka, na mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa. Alipiga magoti. Sauti ile ya kuita mbuzi wa Nyangwe ilitoka kama ya mtoto.

"Dady, baba, kosa iko yangu. Unitukane mimi. Usirudishe kitu."

"Nyamaza, mama! Nimelia njia yote!"

Yvette aliweka birika chini. Aliitoa shuka shingoni kwa kaka yake polepole, akaikunja.

"Shuka hii umeleta ya kunifunika," alisema. "Ukirudi nayo Salamabila, utaileta tena. Mwezi ujao, ao ule mwingine. Njia ni mbaya, petroli iko bei. Iache tu hapa."

Dady alitazama shuka mikononi mwa dada yake. Kisha akatafuta kiti kwa mkono, kama mtu asiyeona, akaketi.

"Nilifikiri ni mambo ya wanawake," alisema. "Mambo ya kupita."

"Najua," Yvette akajibu. "Kunywa chai."

Alikunywa. Kikombe kilipokwisha alimwita Chimène. "Tangaza."

"Nitangaze nini?"

"Mbuzi. Mbao pia, muziuze. Na moto: kesho kabla ya jua inamupeleka Kindu, akapande ndege ya Bukavu."

"Na shuka?"

"Atalalia hospitalini. Kule kila mugonjwa anakuja na yake."

Yule mwenye gunia la mchele aliketi, akajifanya alikuwa ananyoosha miguu.

Régina alikwenda na Yvette Bukavu, maana mgonjwa bila mtu wa kumpikia ni sawa na mgonjwa aliyeachwa. Titi lilikatwa. Zikafuata dawa zilizomwangusha Yvette nywele na kumtapisha, na siku nyingine alimwambia Régina amwache afe, na Régina akamwambia matanga ya pili hayatalipiwa na mtu. Walirudi Kasongo wakati mahindi yanakauka.

Wanawake walijaa uani, wakamwona alivyokonda, kitenge kimelala upande mmoja wa kifua. Hawakujua wavae uso gani. Chimène alianza kuinua mikono utosini.

"Mikono chini," Yvette alisema. "Mulishalia. Nani amechuma sombe yangu yote?"

Akachukua jembe ukutani, akaenda kukagua mihogo yake, na nyuma yake Régina akipiga kelele kwamba apumzike kwanza, mjini kote wakisikia, na Yvette peke yake hasikii.