Jivu Jeupe la Tairi la Shemeji

Nimeziba pancha karibu maisha yangu yote ya utu uzima, kando ya barabara inayotoka Mbinga mjini kuteremkia ziwani, na katika miaka hiyo yote sijawahi kuliamini tairi jipya. La zamani unalijua. Limeshaonyesha tabia yake: limevimba ubavuni au halikuvimba, limeliwa upande mmoja au limeliwa sawasawa. Jipya linakuja linang'aa, limeandikwa maneno tusiyoyasoma, na msemaji wake ni mmoja tu, yule anayeliuza. Nilikuwa na mazoea ya kulibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, kisha kulinusa. Likiwa gumu na linanuka sawasawa, nilisema afadhali. Likiwa laini na halina harufu, nilinyamaza, na wateja wangu walishajua maana ya ukimya wangu.

Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, alifungua duka la matairi karibu na stendi. Kahawa ya misimu miwili kutoka shamba lao la Matiri iligeuka matairi, na hapakuwa na kitu kingine cha kuwasomeshea watoto. Hilo nililijua vizuri. Nilijua pia kwamba hakuja kuniuliza. Mimi ni kaka wa marehemu, mimi ni fundi wa matairi, na nililiona duka limefunguliwa kama alivyoliona mpita njia yeyote.

Mzigo wake ulikuwa wa namna mpya: matairi ya gari ndogo na pikapu, yasiyo na tyubu ndani. Aliwaambia wateja kwamba yanashika barabara kwenye mvua na papo hapo yanapunguza mafuta. Maneno hayo ndiyo yaliyoniamsha. Kwa ninavyojua mpira, ukiwa laini unashika barabara lakini unakula mafuta na unaisha upesi. Ukiwa mgumu unadumu lakini unateleza. Mtu anachagua moja. Mtu anayekuuzia yote mawili, nilijiambia, kuna kitu cha tatu anachokificha.

Lazima niseme pia kilichokuwa nyuma ya kibanda changu. Nilikuwa na matairi yaliyokwisha kuwa kipara, nikiyakata upya kashata, ile mikato ya kushikia barabara, kwa kisu cha moto, kisha nikiyapaka masizi ya mkaa yaliyochanganywa na oili chafu mpaka yang'ae. Niliyauza kama yaliyotumika kidogo. Oili ile huulainisha mpira na kuuharibu, nilijua, lakini si siku ile ya kuuza. Mtu anayefanya kazi kama hiyo hawezi kuona weusi unaong'aa asijiulize kilichopakwa.

Siku moja mwenye pikapu aliniachia tairi alilonunua kwa shemeji, lenye msumari, akaenda kunywa chai. Nilichonga ukanda mwembamba kwenye kashata, mahali asipoweza kuona. Nikauweka juu ya kifuniko cha kopo kwenye jiko la mkaa, na pembeni nikaweka kipande cha tairi la zamani. Vyote viwili viliwaka, vikatoa moshi mzito, nami nikapuliza mkaa mpaka hakukubaki cha kuungua. Kipande cha zamani kiliacha kivumbi kidogo tu. Cha shemeji kiliacha jivu jeupe, jingi, lililosimama na umbo lake kama mfupa. Nikalisaga kati ya vidole. Lilikuwa na chengachenga.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, na kemia nilifaulu. Nilikumbuka mpira, nikakumbuka salfa inayoufanya uwe imara, nikakumbuka masizi yanayoupa weusi na nguvu. Nyeupe sikuikumbuka mahali popote. Na sisi tunaouza kahawa tunazijua njia za kuongeza uzito: kuna mkulima anayelowanisha magunia usiku wa kuamkia mnada, kuna anayesahau kokoto ndani. Kwa hiyo nilijua mara moja. Ule ulikuwa mchanga.

Sikwenda dukani kwa shemeji. Nilikwenda kwenye jumuiya.

Jumuiya yetu ndogo husali kwa zamu nyumbani kwa waumini, na sala ikiisha mwenyekiti huuliza kama kuna mengineyo. Hapo ndipo watu husemea mgonjwa, ng'ombe aliyepotea, mchango wa msiba. Nikasimama na kiberiti ambacho ndani yake hamkuwa na njiti.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Hili ni jivu la tairi linalouzwa hapa mjini kwetu. Ni mchanga mtupu. Silitaji duka."

Kiberiti kikapita mkono kwa mkono. Duka lililouza matairi ya namna ile lilikuwa moja.

"Kumbe tunasafiri juu ya unga wa muhogo!" akasema mmoja.

"Teremka nalo zile kona za kwenda ziwani," mwingine akadakia, "ukifika chini ugali umeiva, unatafuta dagaa tu."

Walicheka hadi mwenye nyumba akaja kuchungulia. Bibi mmoja tu hakucheka. Alinitazama akasema, "Mke wa mdogo wako anajua kwamba umekuja na hiki?"

"Nimesema silitaji duka, mama."

"Ndiyo. Nimesikia usivyolitaja."

Nilirudi nyumbani nikijiona mtu aliyeokoa roho za watu.

Wiki haikwisha, shemeji akaja kibandani. Alivaa kitenge cha kuendea kanisani, kana kwamba anakwenda ofisi ya serikali.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai. Nasikia mmekaanga tairi langu."

"Nimelipima."

"Ungeniita tulipime wote. Mwenye pikapu karudisha manne. Madereva wa taksi wanapita dukani wanauliza bei ya mchanga, halafu wanachekana. Mtoto wa kwanza anaingia kidato cha tano, shemeji. Unajua ada yake inatoka wapi."

"Jivu halina ukoo," nikamjibu. Niliipenda sentensi hiyo. Nilikuwa nimeitayarisha.

Akanitazama kidogo, akageuza macho kwenye matairi yangu meusi yaliyopangwa ukutani, akaondoka bila kusema alichokiona.

Aliyenisahihisha ni mwalimu wa kemia wa sekondari, mama wa Kinyasa mwenye gari dogo ambalo kila mwisho wa mwezi humpeleka kwa wazazi wake ufukweni. Alikuja na pancha. Nilipoona tairi lake ni la dukani kwa shemeji nikamwonya, nikamsimulia na kipimo changu, nikitegemea kwamba msomi mwenzangu atashukuru.

Akacheka mpaka akavua miwani. "Mzee wangu, umepatia. Ni mchanga kweli."

"Si nilisema!"

"Ni ndugu wa mchanga. Unaitwa silika. Wanautengeneza uwe vumbi laini kuliko unga, wanauweka badala ya sehemu ya masizi. Masizi yakiungua yanakwenda na moshi. Silika haiungui, ndiyo hilo jivu lako."

"Na wanauweka kwa nini kama si kuongeza uzito?"

"Kwa sababu tairi likiwa na masizi matupu, lazima uchague: lishike barabara au lisile mafuta. Hii inapunguza huo ugomvi. Tatizo lake, silika na mpira havipendani, kama maji na mafuta ya taa. Basi wakapata dawa ya tatu, upande mmoja inaishika silika, upande wa pili inaushika mpira. Ugunduzi wenyewe ni huo." Akavaa miwani. "Siku hizi viwanda vingine vinaitoa silika kwenye majivu ya pumba za mpunga. Yale mama yangu anayosugulia sufuria."

Hapo nikamtilia shaka na yeye. Nilimwuliza kama ana undugu na mwenye duka, au kama alipunguziwa bei. Nasikitika kuandika hivyo, lakini nilimwuliza.

Hakukasirika. Alisema, "Ninyi Wamatengo mnalaza nyasi chini, mnazifukia kwa udongo, mnapanda mahindi juu ya kingo za mashimo yenu ya ngolo. Mgeni akifukua akakuta nyasi zimeoza, atasema mmeficha takataka shambani. Utamjibuje?"

"Nitamwambia nyasi ndizo zinazoushika mlima."

"Haya. Sasa nijibu la pili, wewe ndiye fundi. Matairi ya yule mama umeshayashika mengi. Lililopasuka lenyewe ni lipi?"

Nikahesabu kichwani kila tairi la shemeji lililopita mikononi mwangu: msumari, msumari, kipande cha waya, msumari, jiwe kali. Hakuna hata moja lililovimba wala kupasuka. Yaliyopasuka yalikuwa yangu, yale ya oili chafu, na kila mara nilimwambia mwenye gari kwamba alizidisha mzigo. Ushahidi ulikuwa umekaa kibandani siku zote, nami nikaenda kuutafuta kwenye jiko.

Na jambo lililo baya zaidi nililijua kabla ya mwalimu kuondoka. Tangu duka lile lifunguliwe, matairi yangu yalikuwa hayauziki. Sikuwahi kujiambia kwamba ndiyo sababu ya kulichoma lile tairi. Nilijiambia mchanga.

Jumuiya iliyofuata nilisimama tena kwenye mengineyo. Nilisema nilikosea, tena safari hii nikalitaja duka. Nikaeleza silika, nikaeleza dawa inayounganisha. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha yule wa unga wa muhogo akauliza, "Shemeji yako amekupa mangapi, mzee?"

"Mangapi nini?"

"Matairi. Mbona leo mchanga umekuwa dawa?"

Wakacheka kama mwanzo. Niliwaeleza na habari ya oili chafu, nikidhani nikijivua nguo mwenyewe wataniamini. Ikawa kinyume. Walisema, basi ukoo mzima ni wa kuchakachua.

Nilimpelekea shemeji habari hizo mwenyewe. Nilimkuta anapanga matairi kwa ukubwa, ingawa yalikuwa yamepangika tayari. Nilipiga goti, jambo ambalo shemeji mkubwa hafanyi mbele ya mke wa mdogo wake. Aliona aibu kuliko mimi.

"Inuka, shemeji. Watu watadhani naendelea kukuhonga."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo." Akakung'uta mikono. "Mbinga hapa hawatanunua tena. Nahamia Kitai. Mabasi ya Songea yanasimama pale, wengi wapita njia, jivu lako hawajalisikia. Watoto wanabaki kwa mama yangu mpaka nitulie."

Sikuwa na la kumpa isipokuwa mgongo. Siku ya kuhama nilibeba matairi hadi kwenye lori, nikapanda nyuma nayo, na Kitai nikayashusha moja moja hadi kwenye chumba kipya ambacho sakafu yake ilikuwa bado inanuka saruji. Yeye alikuwa mlangoni akiandika bei kwenye kipande cha boksi. Hatukuzungumza zaidi ya "lile weka huku".

Kabla hatujamaliza, akaja mtu mwenye gari ya kubebea mahindi, akabonyeza tairi moja kwa ukucha, akalinusa. Aliniona nina mvi na mikono ya fundi, akanigeukia.

"Shikamoo mzee. Haya ni mazuri kweli, au ndiyo hivi vitu vya siku hizi?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa silika, pumba za mpunga, kona za mvua, yote niliyofundishwa. Nilitaka kumwapia. Kisha nikamwona shemeji ameacha kuandika, kalamu ameishika hewani, ananitazama kama mtu anayetazama moto ulioshika nyasi za jirani.

"Marahaba," nikamwambia yule mtu. "Mimi ni mpagazi tu. Mwenye duka yule pale, anayajua."

Akamwendea. Nilisikia shemeji akianza kumweleza, sauti yake ikiwa chini mwanzoni. Nikarudi kwenye lori. Yalikuwa yamebaki sita.