Papai la Ukerewe

Shangazi yangu Mwaija hakuwa mtu wa kuchezewa. Kwa ajili ya wezi, kila papai changa shambani kwake Buswelu alilichora ndoano kwa ukucha, na alama ile ikakua pamoja na tunda.

Mchuuzi aliyekuja kuyanunua alikuwa Makame, mwenye baiskeli na tenga, na kila akija alikuja na kilio. "Shikamoo, shangazi. Mapapai ya Buswelu mjini hawayataki kabisa. Nayachukua kukusaidia tu." Shangazi akamhurumia, akamwachia kwa bei ya kutupa.

Wiki ya Uhuru alikwenda mjini kununua khanga dukani kwa Gangaben, aliyejuana naye miaka mingi. Gangaben alifurahi kumwona, akatoa papai kubwa na kisu.

"Hili si la kila mtu, Mwaija. Limevuka ziwa kutoka Ukerewe! Makame humletea Moza, muuza matunda pale sokoni Kirumba, na Moza hunifichia mimi."

Shangazi akaligeuza. Ndoano hiyo hapo.

Mimi ningepiga kelele mtaa mzima ukasikia. Yeye alikula vipande vitatu, akausifu utamu wa Ukerewe, akaaga.

Jumamosi Makame akaegesha baiskeli, akaanza kilio chake. Shangazi akamkatiza.

"Pole, mwanangu. Ya Buswelu yamekwisha. Hapa nina ya Ukerewe tu, na bei yake unaijua kuliko mimi. Ila nauli ya meli nimekusamehe."