Simama, Mwalimu Hapendi

Chuoni sosholojia ya elimu niliifaulu vizuri mno. Niliandika kurasa nzima kwamba mtoto ukimwita mzito, atakuwa mzito. Kwamba mtoto huja darasani na adabu za kwao, na shule huzigeuza ujinga. Mkufunzi akanisifu mbele ya wenzangu. Nikavimba kichwa, jamani!

Kisha nikapangiwa shule ya huku juu, nje ya Sumbawanga, kwenye upepo wa Julai unaopenya sweta. Darasa la tatu nilikuta binti wa wakulima wa ulezi. Kila nilipomwita, alichuchumaa kwanza, akapiga makofi taratibu, ndipo akajibu kwa sauti ya chini. Ndivyo Wafipa tunavyomsalimu mkubwa. Mimi mwenyewe Mfipa, mtoto wa Malangali ya hapo Sumbawanga mjini, nimelelewa hivyohivyo. Lakini kipindi kilikuwa kinakwisha na hasira zangu ziko karibu.

"Wee! Hapa ni kwa chifu? Simama, sema kwa sauti!"

Darasa likaangua kicheko. Akasimama, jibu likampotea. Siku ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Nikamwita mzito, nikamhamishia dawati la nyuma, na wenzake wakalishika jina hilo kuliko lake.

Bibi yake akaja. Nilimpokea mlangoni mwa darasa, nikachuchumaa, nikampigia makofi kama nilivyofunzwa na mama. Watoto wote walikuwa wananitazama, na yule binti pia. Wala sikushtuka.

"Mwalimu, mjukuu wangu nyumbani ndiye anayetusomea Biblia," bibi alisema. "Huku kwako anasema hajui kitu. Kumetokea nini?"

"Bibi, watoto hawalingani," nikamjibu. Loo, mimi na domo langu! Kurasa zote zile, nikakosa hata sentensi moja ya kumsaidia mtoto. Darasa la nne alifeli, akarudia, akafeli tena. Hakurudi.

Miaka mingi ikapita. Januari hii nilikuwa naandikisha darasa la kwanza. Akaingia mama kijana amemshika mwanawe wa kike mkono. Nilimtambua kabla hajasema.

"Shikamoo, mwalimu," akasema kwa sauti, amesimama wima.

"Marahaba, mwanangu." Nilitaka kumwomba radhi. Badala yake nikashika kalamu, nikamuuliza jina la mtoto.

Mtoto akaniangalia, akachuchumaa, akaanza kupiga makofi kwa vile viganja vyake vidogo. Nilifurahi, nikataka kumwitikia. Mama yake akamvuta juu haraka. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alikuwa anamfunza mwanawe, kama mimi nilivyomfunza yeye.

"Simama, mwanangu," akamnong'oneza. "Mwalimu hapendi. Atakuweka nyuma."