Namba Iliyobaki Ukutani

Saa tatu asubuhi, Brashi yuko juu ya ngazi kwenye ukuta wa kituo cha mabasi, anaandika, na simu inaita mfukoni mwake. Mkono unasimama. Rangi nyeusi inachuruzika hadi kwenye kiatu. Anangoja mpaka simu ikatike yenyewe, kisha anawatazama watu waliopanga foleni chini yake, mmoja mmoja.

"Zamani nilikuwa napenda simu," anasema akifuta kiatu. "Ikiita, ni kazi hiyo. Siku hizi ikiita, naangalia kwanza nani yuko karibu."

Brashi ndilo jina analoitwa na mji mzima. Tangu ujana wake ameandika mabango ya maduka ya dawa, saluni, bucha na shule, na herufi zake nene hutambulika kwa mbali.

Mwaka jana ofisi ya mji iliamua kwamba watu wake lazima wasome. Maktaba ilikuwa na vumbi jingi kuliko wasomaji, basi ikasemwa maandishi yawafuate watu pale wanapongoja. Masanduku ya mbao yakawekwa sokoni, saluni na kliniki: mwenye lake moyoni aliandike, alitumbukize, na asiweke jina. Kamati ya maktaba ikawa inachagua, Brashi anahamishia ukutani.

Jambo likashika moto. Mzee mmoja aliandika jinsi anavyomkumbuka mbwa wake, na wauza vitunguu wakabishana wiki nzima kama mbwa ni wa kuliliwa kiasi hicho. Watu walianza kuachwa na mabasi wakisoma. Masanduku yakajaa.

Ndipo ikafika zamu ya ukuta wa kliniki ya watoto. Maandishi yalikuwa mafupi:

"Nyumba yetu ina ufunguo mmoja, na unakaa mfukoni mwake. Akiwa nje anacheka, watu wanampenda. Akigusa kitasa, watoto wananyamaza kabla sijawaambia."

Brashi alimaliza, akarudi nyuma kuangalia kazi yake, kisha akafanya kile ambacho kila mwandika mabango hufanya bila kufikiri. Kwenye kona ya chini, upande wa kulia, aliweka jina lake la kazi na namba ya simu. Kwenye kuta nyingine za mpango wa maktaba alikumbuka kutoiandika. Siku hiyo mkono ulikwenda wenyewe.

Aliyepiga kwanza alikuwa mwanamume mwenye adabu zake.

"Alinisalimia vizuri kabisa. Habari za kazi, fundi. Akaniuliza, 'Mke wangu alikuletea lini yale maneno?' Nikamwambia sijui, mimi fundi tu. Akasema, 'Haya, nitamuuliza mwenyewe.' Akakata."

Siku hiyo hiyo aliacha chakula mezani. Brashi alichukua kopo la rangi nyeupe akaenda kliniki kufuta. Akakuta wanawake wamesimama mbele ya ukuta, watoto mgongoni, wakisoma maneno yale. Alirudi na kopo lake limejaa.

Kabla hajafika nyumbani akapigiwa na wa pili. Kisha wa tatu.

"Sauti tofauti, mitaa tofauti, na kila mmoja ana hakika kwamba ni nyumba yake," anasema. "Nikajiuliza, sasa ni yupi? Nikaogopa kweli. Si wake watatu hao?"

Wa pili na wa tatu aliwajibu kwamba maneno ni yake, na kwamba nyumba ile ndiyo aliyokulia, kaiandika kwa sauti ya mama yake. Halafu akamtafuta yule wa kwanza, akamwambia hivyo hivyo, na kwamba mwanzo aliona haya kukiri.

Je, ni kweli aliyaandika yeye? Mwandishi wa makala haya alimuuliza mara mbili. Brashi alimtazama usoni bila kupepesa.

"Maneno ni yangu. Andika hivyo."

Mkutubi wa maktaba ya mji, mama anayevaa miwani yake zaidi shingoni kuliko machoni, anasema karatasi zote huchanwa zikishanakiliwa. "Fundi akisema ni yake, ni yake," alijibu, akarudi kupanga viti. Na makala haya yanaandika hivyo hivyo.

Lakini mmoja wa wale wanaume hakuridhika. Juzi alipiga tena, akasema neno moja tu kuhusu shati la kijani. Brashi alijitazama. Alikuwa amevaa shati la kijani.

Mkewe, fundi cherehani, ameihamisha mashine yake mbali na mlango. Watoto wamepelekwa kwa bibi yao.

"Mume wangu huyu anaogopa mende, eti leo ananiambia mimi nisiogope!" anasema, na kicheko kinamwishia njiani. "Naogopa, ndugu yangu. Kitasa kikiguswa, humu ndani sote tunanyamaza."

Kisha akauchukua mkasi mapajani, akakata uzi.

Kamati imemwomba Brashi aifute namba, na sanduku la kliniki limeondolewa kwa muda. Yeye anaomba lirudishwe. Mji unapanga kuandika kwenye kuta nyingine nyingi mwaka huu, na mpango wa Brashi ni kuweka namba yake kwenye kila ukuta, hata ule wa mbwa.

"Nikiifuta leo watasema, kumbe hakuwa yeye. Watarudi kuuliza majumbani kwao," anasema. "Waniulize mimi. Naogopa, usinione hivi. Lakini waniulize mimi."

Simu inaita tena. Safari hii anaipokea.

"Ndiyo. Ni mimi niliyeandika."

Anasikiliza. Foleni ya kituoni imesogea, hakuna anayemjali. Anaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Anapumua tu," ananong'ona. Kisha anasema simuni, polepole: "Dada, kama ni wewe wa ile nyumba ya ufunguo mmoja, namba hii siifuti."

Simu inakatika. Brashi anashuka ngazi. Anachovya brashi, anachuchumaa kwenye kona ya chini, upande wa kulia, na kuianza namba yake kwa sifuri.