Ungo wa Maharage Jikoni kwa Yudith

Jua linachungulia nyuma ya milima ya Pare, na Yudith Ebenezer amekwisha kukoleza moto. Mahindi ya makande yanatokota, yakingoja maharage. Anaingia muuguzi kijana, Agape, shavu limevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo."

Hamuulizi neno. Anamwekea ungo wa maharage mapajani.

Yudith, mjane wa miaka hamsini na minane, ni mpishi wa kituo cha wagonjwa wa akili nje kidogo ya mji wa Same. Wapo wanaoletwa wamefungwa kamba, wakipiga na kuuma. Muuguzi akiumizwa, akishafungwa kidonda, huja jikoni.

Desturi hiyo ilianzia nyumbani kwake, kijiji cha Suji, juu milimani. Mumewe, marehemu Ebenezer, alikuwa mhudumu wa wodi katika kituo hiki hiki. Akipata mapumziko alipanda mlimani kimya, mikono ikitetemeka hata kikombe hakishikiki.

"Mimi nimeishia darasa la saba, dawa ningeitoa wapi? Nikampa maharage achambue. Mikono ikitulia, maneno huja yenyewe," anasema.

Anautazama moto. Anakumbuka ukungu ukishuka migombani, Ebenezer na ungo wake, akiimba besi ya kwaya na kumtania kwamba makande yake yana mawe mengi kuliko barabara ya Suji.

Agape ameshawaambia wenzake kuwa wodini harudi. Jana alikuwa akimlisha Zephania, mgonjwa aliyemzoea, ndipo ngumi ikamjia. Anachambua, kokoto huku, maharage huku, mpaka vidole vinatulia.

"Mama, shavu litapona," anasema hatimaye. "Naogopa nikimwona nitamchukia."

Yudith anakoroga chungu kwanza.

"Ebenezer naye alisema hivyo, ungo mapajani kama wewe. Nilimwambia, kuogopa si kuchukia. Mungu hakukutuma uingie peke yako. Mwite Wilson muingie wawili."

Agape anakung'uta sketi, anachukua sahani ya kifungua kinywa ya Zephania na kwenda kumwita Wilson, mhudumu wa wodi. Yudith anasimama mlangoni, mwiko mkononi, midomo ikisali. Wodini hapasikiki kelele.

Mwisho wa mwaka anastaafu, arudi Suji kwenye migomba aliyoipanda na mumewe. Kinachomkosesha raha ni ungo. "Mpishi atapatikana. Nataka wa kukaa nao hawa watoto," anasema.

Agape anarudi na sahani tupu. Nyuma yake yuko muuguzi mwingine, Jenifer, macho mekundu. Agape anamsogezea kigoda, anamwekea ungo mapajani, kisha anakaa kando yake. Hamuulizi neno.