Nilikwenda Njombe Kumchukua Mdogo Wangu

Barua ya mdogo wangu Roda ilinifikia Korogwe, ninakofundisha, wiki ya mwisho ya masomo, baada ya kukaa njiani karibu mwezi mzima. Ilikuwa fupi. "Dada Agnesi, shikamoo. Zakaria ameanguka motoni kwa ulevi na mkono wake wa kushoto umeungua. Mtoto aliona yote. Njoo unichukue." Hakuandika salamu za kufungia, na Roda ni mtu anayetuma salamu hata kwa kuku.

Sikushangaa. Nilikasirika. Zakaria, mume wake, alikuja kwetu kutoka Njombe akiwa manamba, kukata mkonge. Alikuwa kijana mpole, anasoma vizuri, anaazima vitabu vyangu na kuvirudisha vikiwa safi. Pombe alijifunzia kambini. Siku ya mshahara pombe ya moshi ilifika kambini kabla ya chakula, na wasimamizi waliiona ikipita wakatazama pembeni, maana mtu aliyelewa haulizi lini atarudi kwao. Mkataba ulipokwisha alirudi nyumbani na mke, mtoto na kiu. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Shule ilipofungwa nilifunga blanketi, nikaazima koti zito, nikabeba na kapu tupu la kutilia nguo za mtoto.

Korogwe mpaka Morogoro nilipanda lori la mizigo. Morogoro mpaka Dodoma nilikwenda kwa gari moshi, daraja la tatu, nimekalia blanketi langu. Sina mengi ya kusema juu ya siku hizo mbili. Nilikuwa napanga maneno nitakayomwambia Zakaria, na kila stesheni niliongeza lingine.

Kutoka Dodoma tulikwenda kwa basi, tukalala Iringa. Asubuhi tukashika njia ya kusini. Kiti cha mbele kando ya dereva kilikuwa cha Wazungu. Siku ile hakukuwa na Mzungu, na kiti kile kilisafiri kitupu mpaka Makambako, huku nyuma mama mwenye mtoto mchanga amesimama ameshika chuma. Nilimwambia utingo amkalishe mama yule mbele. Akanijibu, "Mwalimu, kiti hicho hata mimi sijui kikoje." Mara mbili basi lilizama kwenye tope tukashuka kulisukuma, na yule mama akasukuma vilevile, mtoto mgongoni.

Makambako, saa kumi na moja jioni. Ni mahali njia mbili zinapoachana, moja kwenda Mbeya, nyingine Njombe na Songea. Kuna maduka machache ya Wahindi, mgahawa, na upepo usiopumzika. Nilipata chumba kwa mama mwenye mgahawa, Mama Sekela. Alinisalimu, "Kamwene," akanifundisha kuitikia vivyo hivyo, kisha akaleta kipande cha mwanzi kilichotobolewa, kimejaa kinywaji cheupe chenye povu. Kipande hicho wanakiita mbeta, na kinywaji ni ulanzi. Wakati wa mvua hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, na maji yake hudondoka ndani ya mbeta. Mama Sekela akanywa funda moja mbele yangu, akanipa.

"Mimi sinywi pombe, mama."

"Hii pombe gani? Imegemwa leo hii. Watoto wanakunywa."

"Asante, lakini sitakunywa."

Uso wake ukabadilika. "Nimeonja mbele yako, Mwalimu. Unaona nimekutilia sumu?"

Ndipo akanieleza kwamba huku anayemkaribisha mtu lazima aonje kwanza, ili mgeni ajue kikombe ni salama. Akishaonja, kukataa ni kumwita mchawi. Nilimwomba radhi, na alinisamehe kwa shida. Nililala nikiwa na hasira na desturi inayomfanya mtu asiyetaka kunywa awe ndiye mwenye kosa.

Njombe nilifika kesho yake saa saba mchana, kwa lori, juu ya magunia ya chumvi. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya miti ya miwati, na watu mjini walijifunga mablanketi mchana kama sisi tunavyojifunga tukiumwa. Nilitembea saa mbili kwa miguu, nikishuka mabonde na kupanda, mpaka nyumba ya Roda.

Roda alikuwa anamenya viazi mlangoni. Amekonda. Alinikumbatia, akaliangalia kapu langu, akasema kama mtu anayetoa habari ya msiba, "Umechelewa, dada. Ameacha pombe."

Zakaria alitoka ndani. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu jekundu, na vidole viwili havikukunjika. "Shikamoo, shemeji," alisema. "Najua ulichokuja nacho. Kiseme tu."

Maneno yote ya kwenye gari moshi yalikuwapo mdomoni. Nikauliza nilichokuwa sijakipanga. "Siku ngapi?"

"Arobaini na moja."

Nilimuuliza ilivyokuwa, na alijibu kwa mpango, kama tunavyozungumza darasani. Baada ya kuungua, dresa, mhudumu wa zahanati ya misheni, alimlaza siku sita. Mkono ndio uliompeleka, lakini kilichotaka kumwua ni kuacha. Alitetemeka, alitapika, aliona siafu ukutani pasipokuwa na siafu. Dresa alikaa naye, akimnywesha uji kwa kijiko. Siku ya saba alimwambia, "Mimi nimemaliza kazi yangu. Iliyobaki ni ya kwenu." Nilidhani maneno hayo ni ya faraja. Yalikuwa onyo, kama nilivyokuja kuona.

Jumatatu nilionyeshwa shamba. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na magugu yamefika kiunoni. Wakati wa kupalilia mkono wa Zakaria ulikuwa haujapona, na Roda peke yake, mtoto kando yake, alimaliza kipande kidogo karibu na nyumba. Huku shamba kama lile hulimwa kwa kualikana. Mwenye shamba huita majirani, wanakuja na majembe, naye huwapa kinywaji. Pasipo kinywaji hakuna watu, na pasipo watu, mwaka huo wangekula viazi tu, tena vichache. Zakaria alisema atawaita kwa chakula. Atapika maharage na viazi, na Roda atengeneze uji wa ulezi. Roda alichukua kitambaa chake cha kichwa akatoka. Nilidhani anakwenda kutafuta ulezi.

Jumanne, saa mbili asubuhi, walikuja watu kumi na mmoja. Nilifurahi kwa muda wa dakika tano. Kisha nikamwona Mzee Mlowe, mzee wa kanisa mwenye mianzi mingi kuliko wote bondeni, akiwa na mbeta nne kubwa. Roda ndiye aliyemwendea jana yake kumwomba.

"Zawadi yangu kwa shamba lenu," alisema Mzee Mlowe, naye akaonja, akampa Zakaria mbeta. Anayegawa ni mwenye shamba, na anayegawa lazima aonje. "Onja, baba, tuanze kazi."

"Mzee, mimi nimeacha. Unajua."

"Nani amekuambia ulewe? Nimegema alfajiri. Haya ni maji ya mwanzi. Mjukuu wangu anakunywa."

"Saa hizi ni maji," Zakaria alisema. "Saa tisa ulanzi huu utakuwa mkali, na mimi nitakuwa bado hapa, mbeta mkononi."

Mmoja akacheka. "Huyu alikuwa analamba hata povu! Leo anaogopa maziwa ya mtoto!"

"Dresa amemfanya Mzungu," mwingine akasema. "Tumtafutie na kofia."

Nilishindwa kunyamaza. "Mzee Mlowe, si wewe ni mzee wa kanisa?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kanisa linakataza ulevi. Kuonja halijakataza."

Walicheka wote. Nikasema nitaonja mimi, ambaye sijaweka pombe mdomoni tangu nizaliwe. Mzee Mlowe akatikisa kichwa kwa upole ulionichoma kuliko tusi. "Wewe ni mgeni. Mtu akiumwa tumbo kesho, tutamuuliza nani, nawe uko Korogwe?"

Ndipo Roda akasema, na sauti yake nitaisikia mpaka nizeeke: "Zakaria, onja tu. Lowanisha mdomo."

Zakaria alimtazama. Akaiweka mbeta chini, taratibu, isimwagike. "Gawa wewe, Mzee," alisema. Akachukua jembe akaanza mstari wa kwanza.

Hawakugombana naye. Walisimama kidogo, wakazungumza Kibena, kisha wakabeba majembe yao na mbeta zao. Mzee Mlowe aliniaga kwa heshima. "Hatuna ugomvi, Mwalimu. Lakini hatuwezi kulima kwa mtu asiyekunywa nasi." Dakika chache baadaye nilisikia wakicheka kwa jirani.

Roda alimfuata mumewe mstarini. "Ulipokuwa mlevi tulikuwa na njaa. Umeacha, tutakuwa na njaa. Niambie tofauti."

Zakaria aliendelea kulima hatua tatu, nne. "Zamani ulikuwa unasema hivi, nami sikusikii," akajibu. "Sasa nakusikia."

Jikoni nilimshambulia Roda kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwuliza kama aliniandikia barua ile ili nije kumwona akimrudisha mumewe motoni kwa mkono wake mwenyewe. Alinisubiri nimalize. "Dada, ulikuja kunichukua kwa sababu ni mlevi. Leo unamtetea. Wewe utapanda gari urudi. Mwezi wa sita mtoto wangu atakula nini, siku arobaini na moja?" Nilivua viatu, nikaazima jembe.

Jumanne na Jumatano tulilima watatu. Mkono wa Zakaria ulioungua haukushika mpini vizuri, na kila mapigo machache jembe lilimponyoka. Jumatano kama saa tisa aliliweka chini akaenda mtoni upesi. Nilimfuata, nikijificha nyuma ya matete kama polisi, kwa sababu nilikuwa na hakika anakwenda kunywa. Nilimkuta amepiga magoti, kichwa chote ndani ya maji ya baridi. Alitoa kichwa, akavuta pumzi, akakirudisha. Nilirudi shambani kabla hajaniona. Katika safari yote, mtu niliyemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe.

Alhamisi, kabla umande haujakauka, mtu alisimama kwenye mpaka wa shamba. Alikuwa Filipo, Mkatoliki wa ng'ambo ya bonde, anayetia mipini kwenye majembe. Alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Macho yalikuwa mekundu na mikono inamtetemeka.

"Nimepita tu," alisema. "Hapa kweli hakuna cha kunywa?"

"Kuna uji," Zakaria akamjibu.

"Uji tu? Hata kilichofichwa hakuna?"

"Ingia jikoni utafute."

Filipo akacheka kidogo. Akatazama njia aliyotokea. "Basi leo nilime hapa. Nyumbani kwangu kuna mbeta mlangoni, kwa Mlowe kuna mbeta, kwa shemeji yangu kuna mbeta. Sina pa kwenda nisipoikuta."

Alilima mpaka mchana, akatapika kando ya shamba, akanawa uso, akarudi. Zakaria hakumwambia neno la mahubiri. Alimwambia, "Saa tisa ndiyo mbaya. Tutakwenda mtoni." Na saa tisa walikwenda wawili. Ijumaa Filipo alikuja tena. Jumamosi alikuja na mkewe, aliyebeba chungu cha maharage na jembe lake mwenyewe. Mama yule hakuongea Kiswahili, naye Roda bado alikuwa akijifunza Kibena, lakini niliwaona wakilima mistari miwili iliyo karibu, na saa sita walikuwa wanawacheka waume zao.

Mzee Mlowe alipita njiani siku hiyo. Alisalimu, tukaitikia. Hakusimama.

Jumatatu nililazimika kuondoka, maana shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa. Tulikuwa tumepalilia nusu ya shamba na kidogo zaidi. Nusu nyingine, chini kuelekea mtoni, ilikuwa imeshasongwa na magugu, na mahindi yake yamegeuka njano. Hakuna sala itakayoyarudisha. Nalisema hilo wazi ili msifikiri naleta habari ya furaha tupu.

Roda alinisindikiza mpaka Njombe, kwenye lori. Nilimuuliza mara ya mwisho kama atarudi nami, mguu mmoja ukiwa juu ya gurudumu.

"Sijamsamehe, dada," alisema. "Usiende kuwaambia watu wa nyumbani kwamba nimemsamehe. Nabaki kwa sababu kesho kuna mistari minane, na mke wa Filipo amesema anakuja."

Nilirudi na kapu langu tupu. Makambako upepo ulikuwa uleule, Dodoma joto lilelile, na hasira yangu sikuiacha njiani, niliibeba mpaka Korogwe na ninayo ninapoandika. Ila imehama. Mlevi sisi tunamvumilia. Tunamwokota mtaroni, tunamcheka, tunamsimulia watoto, tunamwombea Jumapili. Akiacha ndipo tunamwadhibu, kwa upole, bila kumpiga, kila mtu akibeba jembe lake na kwenda zake, na hata wanaompenda wanamwomba alowanishe mdomo kidogo tu. Niliyaona hayo Njombe kwa sababu nilikuwa mgeni. Nikirudi kwetu, kwenye tembo la mnazi na vikombe vya arusini, nayaona vilevile.

Dresa alisema kweli. Kazi iliyobaki ni ya kwetu. Kwa hiyo ninyi mnaosoma, mkisikia katika mtaa wenu kwamba fulani ameacha, msiende kumpa hongera, wala msikae kuhesabu ni lini ataanza tena. Ulizeni shamba lake liko wapi.